Baridi yabisi ya watoto: damu yaonya nini kuhusu macho na maisha yao

Hapa Pwani mtoto akiamka anachechemea, la kwanza kusemwa ni kuwa ameanguka chuoni au amepigwa na upepo. Huchuliwa mafuta, na mara nyingi hupoa. Lakini kiungo kikivimba kwa wiki 6 au zaidi, mtoto hajatimiza miaka 16 na hakuna sababu nyingine iliyopatikana, madaktari huita baridi yabisi ya watoto. Baridi haimo humo ila kwa jina. Ni kinga ya mwili iliyogeuka kuushambulia mwili wenyewe.

Mimi ni mtu wa maabara, na wazazi huniuliza swali moja: damu imeonyesha ugonjwa? Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachouthibitisha ugonjwa huu. Daktari huutambua kwa kusikiliza historia, kumkagua mtoto na kuondoa maradhi mengine. Kazi ya damu ambayo naiona kubwa zaidi ni kuonya madhara gani yanaweza kufuata.

Chukua kipimo cha ANA. Mtoto mdogo, hasa wa kike, aliyeanza kuugua kabla ya miaka 7 kwa viungo vichache tu, ANA ikitoka chanya yumo hatarini zaidi kupata uvimbe ndani ya jicho. Uvimbe huu ni wa kimyakimya. Jicho haliwi jekundu, wala mtoto halalamiki. Mama akija kuona kitu, huenda tayari kuna mtoto wa jicho au presha ya jicho. Ndiyo maana mtoto wa namna hii hupelekwa kwa daktari wa macho takriban kila miezi 3, akaguliwe kwa darubini yenye mwanga mwembamba. Goti likipona msiache kwenda. Jicho halifuati goti. Na chanya peke yake isiwatie hofu, kwani hata watoto wazima huwa nayo. Hasi nayo haimwondolei mtoto haja ya kukaguliwa macho.

Kipimo cha RF, ambacho watu hukijua kwa wazee, huwa chanya kwa watoto wachache tu. Kikirudiwa baada ya miezi 3 na kubaki chanya, daktari huhofia viungo kulika na huanza dawa kali mapema.

Linalonitisha zaidi ni aina ya ugonjwa inayokuja na homa ya kila siku na upele unaotokea na kutoweka, ambao kwenye ngozi nyeusi si rahisi kuuona. Daktari George Frederic Still aliieleza mjini London mwaka 1897. Takriban mtoto 1 kati ya 10 wa aina hii hupatwa na dharura ambapo kinga huwaka bila breki, na ini, damu na ubongo huumia. Inaua.

Hapa karatasi hudanganya. Mtoto akiwa na uvimbe mkali, ESR na chembe sahani, zile za kugandisha damu, huwa juu. Dharura ikianza, zote hushuka, na asiyejua hushangilia kuwa dawa imefanya kazi. ESR hushuka kwa sababu fibrinojeni, protini inayoipandisha, inatumika na kwisha. Wakati huo ferritini hupaa. Vigezo vya kimataifa vya 2016 vinataka homa, ferritini iliyozidi 684, pamoja na mawili kati ya haya: chembe sahani chache, kimeng'enya cha ini AST juu, mafuta ya damu juu, fibrinojeni chini. Mtoto anayezidi kudhoofika huku ESR yake ikishuka ni wa kukimbizwa hospitali usiku huohuo.

Kwetu kuna jambo jingine. Selimundu, ambao wengi twauita siko seli, uko sana Pwani, nao huvimbisha vidole na kuumiza mifupa ya watoto. Mwenye selimundu ESR yake huweza kuwa chini hata akiwa mgonjwa sana. Kwa hiyo kama hali ya mtoto haijulikani, muulizeni daktari apimwe hilo pia, na mje na karatasi zote za zamani. Namba moja bila ya jana yake hainisaidii kitu.