Uvimbe wa kifua na hatari ya nusukaputi

KATIKA upasuaji mwingi, mgonjwa hulazwa chali, hutiwa dawa ya usingizi, kisha hupitishiwa mrija kooni ili apumue kwa msaada wa mashine. Hata hivyo, kwa mgonjwa aliye na uvimbe mkubwa katikati ya kifua, utaratibu huo wa kila siku unaweza kumkatiza pumzi.

Nafasi iliyo baina ya mapafu mawili imebeba moyo, mishipa mikubwa ya damu na bomba la hewa. Uvimbe unaoota hapo, kama vile limfoma, ambayo ni saratani ya mfumo wa limfu, huvikandamiza viungo hivyo.

Mgonjwa akiwa macho, misuli ya kupumulia hupanua kifua na kusaidia kuiacha njia ya hewa wazi. Nusukaputi huilegeza misuli hiyo, nazo dawa za kuipoozesha huiondolea nguvu zote. Alalapo chali, uzito wa uvimbe huelemea bomba la hewa na moyo. Hapo mashine huweza kusukuma hewa isipite. Kutoboa tundu shingoni huenda kusifae kitu, kwani kizuizi kiko chini zaidi, ndani ya kifua.

Ndiposa kazi kubwa hufanywa kabla ya upasuaji. Dalili za hatari ni kushindwa kulala chali, kupumua kwa mlio, na kuvimba uso na shingo. Picha za CT huonyesha kiasi ambacho bomba la hewa limebanwa. Kwa watoto, nafasi ya kupitisha hewa ikipungua chini ya nusu ya kawaida, hatari huhesabiwa kuwa kubwa.

Iwapo kinachotakiwa ni kipande cha uvimbe cha kupimwa, njia salama ni kukitoa kwenye tezi ya shingoni kwa ganzi, mgonjwa akiwa macho na ameketi. Nusukaputi isipoepukika, mgonjwa huinuliwa kichwa na kifua, hulazwa usingizi polepole na kuachwa apumue mwenyewe. Mshipa mkuu wa juu ukiwa umebanwa, dawa hupitishiwa mguuni.

Hewa ikikatika, madaktari humgeuza mgonjwa ubavu au kifudifudi, au humpitishia bronkoskopu ngumu, bomba la chuma linalovuka mahali palipobana. Mashine ya kufanya kazi ya moyo na mapafu, ikihitajika, sharti iandaliwe mapema. Kuiunganisha huchukua muda, ilhali ubongo hustahimili dakika chache tu bila oksijeni.

Hatari haiishi upasuaji unapokamilika, kwani njia ya hewa yaweza kuziba mgonjwa anapozinduka. Kwa hivyo, anayelazimika kulala ameketi au kuegemea mito mingi amweleze daktari mapema. Neno hilo moja laweza kubadilisha mpango mzima wa upasuaji.