Konrodi ya jenereta au pampu imekatika: angalia haya kabla ya kununua nyingine

Konrodi ni mkono unaounganisha pistoni na krenki. Ikikatika, injini hugonga kwa nguvu kisha husimama. Ikiwa kipande kimetoboa bloku, usinunue spea yoyote. Tafuta injini nyingine. Bloku ikiwa nzima, endelea kusoma.

Anza na oili. Injini ndogo za petroli kama Honda GX160, na nyingi zilizoigwa kutoka kwake, hazina pampu ya oili. Kijiko kidogo kilicho chini ya konrodi huchota oili na kuirusha kila upande. Injini nzima hubeba takriban lita 0.6 tu, hivyo upungufu mdogo, au kuiweka kwenye mteremko, hukifanya kijiko kikose oili. Baadhi ya injini zina swichi inayozizima oili ikipungua. Kuna mafundi wanaokata waya wake ili injini iwake. Ukikuta umekatwa, huenda chanzo ni hicho, urudishwe.

Sasa krenki. Konrodi hizi ni za aluminiamu na hazina beringi upande wa krenki, kwa hiyo ikiungua huacha aluminiamu imeganda kwenye pini. Mwambie fundi aiondoe kwa msasa laini, kisha upitishe ukucha wako mwenyewe. Ukikwama kwenye mkwaruzo, krenki hiyo itaila konrodi mpya pia. Pini inaweza kuchongwa na kuvalishwa konrodi yenye tundu dogo zaidi kwa mm 0.25, lakini uliza kwanza bei ya krenki nyingine.

Nenda dukani na konrodi ya zamani mkononi. GX160 na GX200 zote zina silinda ya mm 68, ila pistoni ya kwanza husafiri mm 45 na ya pili mm 54. Ukiambiwa "zinaingiliana", linganisha urefu, matundu na kijiko. Konrodi iliyochomelewa usiikubali hata kwa bei ya bure.

Wakati wa kufunga, vipande vyote vya chuma vitolewe ndani ya bloku. Kifuniko cha konrodi kikae alama kwa alama, pini ipakwe oili, na bolti za GX160 zikazwe kwa Nm 12. Zikikazwa kupita hapo hunyooka na kukatika. Zungusha krenki kwa mkono kabla ya kuwasha. Oili ya kwanza imwagwe baada ya saa 20 za kazi.