Mizani Kabla ya Chuma: Uadilifu Kuwa Asili ya Mamlaka katika Uislamu

Aghalabu wanaoandika juu ya utawala huuhesabu uadilifu kuwa pambo la mamlaka, yaani jambo ambalo mwenye nguvu aweza kulitenda apendapo, akisha kuimarisha jeshi lake na hazina yake. Makala hii yakusudia kuonyesha kwamba katika mafundisho ya Uislamu, na katika mwenendo wa watu tunaowaona kwa macho, mpango huo umepinduliwa: uadilifu ndio unaozaa nguvu, na kipimo cha mamlaka ni utii wa yule aliyeshindwa katika hukumu, maana aliyeshinda hutii hata kwa hakimu dhalimu.

Katika Sura ya 57 ya Qurani, iitwayo Al-Hadid, aya ya 25 yataja kwamba Mitume walipelekwa na hoja zilizo wazi, wakateremshiwa pamoja nao Kitabu na Mizani ili watu wasimame kwa uadilifu, kisha ndipo kikatajwa chuma na ukali ulio ndani yake. Mpangilio huo una maana kubwa kwa mwenye kuzingatia, kwa kuwa chuma, ambacho ni silaha na dola, kimekuja nyuma ya mizani ili kiilinde. Kwa njia hiyo hiyo Sayyidna Abubakar, aliposhika ukhalifa mwaka 632, aliwatangazia watu kwamba mnyonge wao kwake ni mwenye nguvu mpaka apewe haki yake, na mwenye nguvu ni mnyonge mpaka itwaliwe haki iliyo mikononi mwake. Na katika waraka ambao wapokezi wameunasibisha na Sayyidna Umar, aliompelekea Abu Musa al-Ash'ari, kadhi aliagizwa awasawazishe wadaiwa na wadai katika uso wake, kikao chake na hukumu yake, ili mtukufu asitumai kupendelewa wala dhaifu asikate tamaa. Mtu aliyesawazishwa hivyo, hata akitoka barazani mikono mitupu, hukosa hoja ya kuasi.

Mwanahistoria Ibn Khaldun, aliyeandika Muqaddima yake mwaka 1377, aliieleza sababu kwa lugha ya uchumi. Dhulma, kwa maoni yake, huwavunja watu moyo wa kuchuma. Wakiisha kuvunjika moyo huacha kazi au huhama. Masoko hulala, hazina hupungua, na dola huanguka kwa mkono wake yenyewe. Naye hakuifunga dhulma katika kunyang'anya mali peke yake, bali aliingiza humo kila tozo isiyo ya haki na kila kazi isiyolipwa ujira wake.

Katoro, mji wa biashara nchini Tanzania ulio njiani baina ya Geita na Chato, ni mahali pafaapo kuyapima maneno hayo, kwa kuwa humo maisha ya watu wengi yamefungamana na dhahabu ya wachimbaji wadogo. Jiwe litokapo katika duara, yaani shimo la kuchimbia, hugawanywa kwa viroba baina ya mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji. Hupelekwa karasha likasagwa, likaoshwa mwaloni, dhahabu ikakamatwa kwa zebaki na kuchomwa, na marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, yakabakia yakiwa na mwenyewe mwingine. Ndipo kilichopatikana kikapandishwa mizanini mbele ya mnunuzi. Katika kila hatua yupo mmoja ajuaye zaidi na mmoja alazimikaye kuamini. Sura ya 83 iliwaonya wapunjao, wanaojipimia kamili na kuwapimia wengine pungufu. Na mwanasheria Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, alipozipanga kazi za dola ya Kiislamu, aliweka katika ofisi ya hisba, yaani ya kuamrisha mema na kukataza maovu, ukaguzi wa mizani na vipimo vya sokoni.

Kwa miaka mingi dhahabu ya wachimbaji wadogo nchini ilipita vichochoroni, na kukamatwa kwa watoroshaji hakukuikomesha biashara hiyo. Mwaka 2019 Serikali iliwaondolea wachimbaji hao kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, ikaanzisha masoko ya madini, la Geita likifunguliwa mwezi wa Machi, ambamo dhahabu hupimwa hadharani na kuuzwa kwa kufuata bei elekezi. Dhahabu ikaanza kuingia sokoni kwa wingi usioonekana kabla. Atasema mpinzani kwamba watu walivutwa na unafuu wa kodi, wala hawakuvutwa na uadilifu. Nasi tutamjibu kwamba kuondoa tozo inayomzidi mtu uwezo ni katika uadilifu wenyewe, kama alivyoona Ibn Khaldun, na kwamba muuzaji aliyeona kipimo kwa macho yake huridhika na malipo hata yakiwa madogo. Wala si hoja kwamba masoko hayo yamewekwa na sheria ya dola isiyo ya kidini, kwani mwanachuoni Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, aliona kwamba Mwenyezi Mungu huisimamisha dola adilifu ijapokuwa si ya Waislamu, wala haisimamishi dhalimu ijapokuwa ni yao.

Hali ya kadhi wa Tanzania Bara yathibitisha jambo hili kwa upande mwingine. Kadhi wa Zanzibar ana sheria ya nchi nyuma yake, na wa Kenya ametajwa katika Katiba ya mwaka 2010. Bali wa Bara, baada ya muswada uliohusu mahakama ya kadhi kuondolewa Bungeni mwaka 2015, hana askari wa kumlazimisha mtu, na waliopatana kwenda kwake humtii kwa sababu ya kuuamini uadilifu wake tu. Akipendelea mara moja, baraza lake limekwisha.

Mtihani mzito zaidi ni kumtendea haki usiyempenda, kama ilivyoamrishwa katika Sura ya 5, aya ya 8. Februari 2013, huko Buseresere, jirani na Katoro, ugomvi baina ya Waislamu na Wakristo juu ya haki ya kuchinja wanyama wa kitoweo uligeuka kuwa mapigano, na mchungaji mmoja akauawa. Mwislamu aliyedai haki siku ile alilazimika kwa aya hiyo kuilinda damu ya mpinzani wake kwanza, kwani dai lolote linalopitia katika damu ya asiye na hatia huwa limepoteza nguvu yake kabla ya kusikilizwa.

Basi maimamu na wazee wa misikiti katika ukanda wa dhahabu wasingoje kupewa chuma ndipo waanze kuhukumu. Na waanze na yaliyo karibu: mwenye duara Mwislamu amlipe mchimbaji ujira wake bila kuchelewa, mnunuzi Mwislamu akubali mizani yake ikaguliwe na yeyote, na shahidi aseme kweli hata dhidi ya nafsi yake na jamaa zake, kama Sura ya 4, aya ya 135, ilivyomwamrisha. Jumuiya itakayofanya hayo itasikilizwa na watu wa dini zote, na isiyofanya haitasikilizwa hata ikipewa mahakama.