Mji wa Mama, Pori la Mzungu

Mwaka 1946 ujumbe wa Waingereza ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Tanganyika kutafuta ardhi ya kulima karanga za kuwalisha Waingereza waliokuwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita. Sehemu kubwa ya nchi waliitazama wakiwa ndani ya ndege. Kusini, upande wa Nachingwea, waliona pori lisilo na watu wa kutosha kuwazuia, wakapanga humo mashamba mengi kuliko mahali pengine popote.

Kwa aliye angani, shamba la Mmwera, mwenyeji wa huku, lililopumzishwa na pori ni kitu kimoja. Watu wa huku walifyeka, wakachoma, wakapanda mtama, muhogo na kunde, na udongo ulipochoka wakasogea. Kichaka kilichoota nyuma yao kilikuwa na wenyewe, tena wenyewe hao walihesabiwa kwa upande wa mama.

Wamwera, kama Wamakonde, Wamakua na Wayao waliochanganyika nao Nachingwea na Ruangwa, hufuata ukoo wa kikeni. Kijana aliyeoa alihamia ukweni, akafyeka na kujenga huko, na watoto aliowazaa walikuwa wa ukoo wa mkewe. Mjomba ndiye aliyekuwa na kauli: mahari, kesi, urithi, yote yalipita kwake. Ila mjomba angeweza kukaa mbali. Aliyeukalia mji ni mama, na dada zake, na binti zake na waume walioletwa na binti hao. Mtoto aliyezaliwa hapo hakuwa na mama mmoja. Alikuwa na mama mkubwa na mama wadogo, na sahani yake ilikuwa kila jikoni. Familia kubwa namna hiyo ndiyo iliyolifungua pori, kwa sababu mikono michache isingeliweza.

Nchi yenyewe haikuwa tulivu. Wangoni, ambao huku walijulikana kama Magwangwara, waliivamia Masasi mwaka 1882. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji dhidi ya utawala wa Wajerumani vikafika. Misheni ya Nyangao ikachomwa na Sista Walburga Diepolder akauawa. Wajerumani walijibu kwa kuteketeza vijiji na chakula. Baada ya hapo swali la kila mji lilikuwa moja tu: watoto watakula nini?

Jibu mara nyingi lilikuwa chini ya ardhi. Ming'oko ni mizizi myembamba ya mwituni, na kuichimba ni kazi ya subira: unafuata mtambaa hadi shinani, unachimbua pole pole, maana ukiharakisha unaukata mzizi na nusu inabaki mchangani. Anayeiona leo ikiuzwa Lindi mjini, imechemshwa kwa chumvi, huila kwa starehe. Bibi zetu waliila kwa sababu ghala lilikuwa tupu.

Na ukipata mavuno, unalala nje kuyalinda. Nguruwe mwitu humaliza shamba la muhogo kwa usiku mmoja, kwa hiyo familia zilihamia shambani na kulala kwenye dungu au kibanda cha nyasi, mama na wachanga wake humo humo. Nguruwe huvuta simba. Watafiti waliohesabu mashambulizi ya simba nchini kati ya mwaka 1990 na 2004 walikuta watu zaidi ya 560 wameuawa, Lindi ikiwa miongoni mwa mikoa iliyoumia zaidi, na wengi walikuwa wamekwenda kulinda chakula chao. Tunapenda kusema habari za simba wala watu ni za zamani. Huku si za zamani.

Basi kwenye nchi hiyo, mwishoni mwa miaka ya 1940, zikaja trekta za mpango wa karanga. Mpango mzima ulikusudia ekari milioni 3.2 hivi. Reli ikajengwa kutoka upande wa Lindi, bandari ikaanza kujengwa Mtwara, mji wa Nachingwea ukachipuka. Mwanzoni mwa 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha mpango huo, baada ya kupoteza pauni milioni 36 na ushei. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Wanaume waliokuwa wamezoea kibarua, cha karanga au cha mkonge wa Lindi, walirudi wakakuta mama zao na dada zao bado wanalima mtama.

Mashamba ya karanga yaliacha namba, na shamba mojawapo, Farm 17, likawa kambi ya FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji. Hapo mwaka 1967 wasichana 25 wa Msumbiji walipewa mafunzo ya kijeshi kwa miezi mitatu, Josina Muthemba akiwa mmoja wao. Kazi iliyomtambulisha baadaye ilikuwa malezi: mwaka 1969 alikabidhiwa idara ya ustawi wa jamii, akasimamia vituo vya watoto ambao vita iliwaacha yatima au iliwatenga na wazazi. Mwaka huo huo aliolewa na kamanda wa FRELIMO, Samora Machel, na kujifungua mtoto wake. Alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971, hajafikisha miaka 26.

Kwa wenyeji, kilichoutikisa mji wa mama kuliko trekta ni mkorosho. Muhogo unaisha baada ya misimu miwili. Mkorosho unadumu kuliko aliyeupanda. Mwanaume aliyepanda mikorosho kwenye ardhi ya ukweni alitaka wanawe wairithi, wapwa zake nao wakadai chao kwa desturi. Halafu vijiji vya ujamaa vikawahamisha watu mbali na miti yao, na korosho za nchi nzima zikaporomoka kutoka tani 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya 20,000 katikati ya miaka ya 1980.

Sasa korosho zimerudi, na ugomvi umerudi nazo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki, na hati ya kimila inaweza kuandikwa kwa jina lake. Mezani kwa mtendaji wa kijiji, hata hivyo, fomu haiulizi ukoo wala nani alihamia kwa nani. Inauliza mwenye shamba ni nani, na mara nyingi anayejibu ni mkwe.