Kwaresima ya Yerusalemu na Mashahidi Wake

Kwa watu wa nchi za kaskazini, ambako Pasaka huwadia theluji ikiyeyuka na miti iliyopukutisha majani ikitoa machipukizi, ni rahisi kudhani kuwa moyo wa mwanadamu nao hufanywa upya kwa taratibu hiyohiyo ya majira, pasipo taabu wala shahidi. Lakini tukizitazama desturi za Wakristo wa kale tutaona kwamba wao, ijapokuwa waliifungamanisha sikukuu na majira, hawakuyaachia majira kazi ya kuwatengeneza watu.

Mtaguso wa Nikea, mwaka 325, uliamuru Pasaka iadhimishwe na wote Jumapili moja, na kanuni iliyokuja kushika ni kwamba iwe Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza tangu usiku na mchana kulingana, yaani tangu tarehe 21 Machi. Kwa hiyo haitangulii 22 Machi wala haipiti 25 Aprili. Hapo ndipo ulipokoma wajibu wa falaki.

Wajibu wa watu tumeelezwa kinaganaga na Egeria, mwanamke mcha Mungu aliyetoka magharibi ya dola ya Rumi akazuru Yerusalemu baina ya mwaka 381 na 384. Huko, asema, aliyetaka kubatizwa Pasaka alitoa jina lake kabla ya Kwaresima. Kisha askofu aliketi katikati ya kanisa kuu, mapadri wakiwa kushoto na kulia kwake, akaletewa watu mmoja mmoja, wanaume pamoja na baba zao wa ubatizo na wanawake pamoja na mama zao, akawauliza majirani kama mtu huyu anaishi kwa adabu, kama anawatii wazazi wake, kama si mlevi wala mwongo. Asiyeonekana na dosari, askofu aliliandika jina lake kwa mkono wake mwenyewe. Aliyelaumiwa kwa jambo aliambiwa atoke, akajirekebishe, ndipo aje. Mgeni asiyekuwa na wa kumshuhudia hakuipata njia kwa urahisi.

Walioandikwa walikusanyika kila asubuhi kumzunguka askofu, muda wa saa tatu, wakifasiriwa Maandiko kuanzia kitabu cha Mwanzo, na majuma matano yalipopita wakafundishwa Kanuni ya Imani, ambayo baadaye kila mmoja aliikariri mbele ya askofu. Usiku wa mkesha wa Pasaka, kwa mujibu wa mafundisho yaliyohifadhiwa kutoka kanisa hilohilo, mbatizwa alisimama akielekea magharibi, akanyoosha mkono akamkana Shetani kama kwamba yu mbele yake. Akageukia mashariki kuungama imani. Akavua nguo, akapakwa mafuta, akazamishwa majini mara tatu.

Karne zilipopita, na wabatizwao wakawa zaidi ni watoto wachanga, taratibu hii ilififia, Kwaresima ikawa mfungo wa toba kwa waumini wote, na Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 ukamlazimu kila mwenye umri wa kupambanua kuungama walau mara moja kwa mwaka na kupokea komunyo wakati wa Pasaka. Mkesha wenyewe ulisogezwa hata ukaadhimishwa Jumamosi asubuhi, mpaka Papa Pius XII alipoanza kuurudisha usiku mwaka 1951.

Ukatekumeni, yaani taratibu hiyo ya kuwafundisha na kuwajaribu wanaotaka ubatizo, hata hivyo, ulikuwa umekwisha kupata makao mapya katika nchi zisizojua theluji. Wamisionari wa Afrika, shirika lililoanzishwa na Lavigerie mwaka 1868, walifika Uganda mwaka 1879, wakawabatiza wa kwanza Jumamosi Kuu ya mwaka uliofuata; lakini kanuni aliyoikaza Lavigerie ilitaka mtu ajaribiwe miaka minne kabla ya ubatizo, na Pasaka ya huko huja na mvua za masika, watu wakiwa na majembe mikononi.

Basi desturi iliyoweza kuhama kutoka Yerusalemu hadi Ziwa Victoria haikuwa ikitegemea machipukizi, bali muda mrefu na jirani asemaye kweli. Anayenena kuwa Pasaka hii moyo wake umefanywa upya, asijitolee ushahidi. Waulizwe wanaoishi naye.