Thabeet au Gasol? Hesabu iliyoifanya Memphis imwache Mtanzania

USIKU wa Juni 25, 2009, historia ya michezo ya Tanzania iliandikwa jijini New York. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alichaguliwa na klabu ya Memphis Grizzlies akiwa wa pili kati ya wachezaji wote chipukizi walioingia Ligi Kuu ya Kikapu ya Marekani, NBA, mwaka huo. Akawa Mtanzania wa kwanza kufika huko.

Miezi 20 baadaye, Februari 24, 2011, klabu hiyo hiyo ilimuuza. Aliyebaki katika nafasi ya kati alikuwa Mhispania Marc Gasol, ambaye mwaka 2007 alichaguliwa akiwa wa 48.

Wapo mashabiki nchini ambao hadi leo wanaamini kijana wetu alionewa. Makala haya yanawaweka wachezaji hao wawili katika mizani, ili msomaji aone ni hesabu gani iliyopigwa na kama ilikuwa sahihi.

Walikotoka

Thabeet alizaliwa Februari 16, 1987. Alianza kushika mpira wa kikapu akiwa tayari kijana mkubwa, umri ambao wenzake wa Ulaya na Marekani huwa wamekwishaucheza kwa miaka kadhaa. Urefu wake wa mita 2.21 ulimfungulia milango ya Marekani, akasoma sekondari mjini Houston na kisha Chuo Kikuu cha Connecticut, chini ya kocha Jim Calhoun.

Huko chuoni alitisha. Katika msimu wa 2008/09 alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na mitupo 4.2 aliyoizuia kwa kila mchezo, na timu yake ikafika nusu fainali ya taifa ya vyuo.

Gasol alizaliwa Barcelona Januari 29, 1985, katika familia ya kikapu. Kaka yake, Pau, alikuwa nyota wa Memphis, na Marc mwenyewe alisoma sekondari katika mji huo. Alirudi Hispania akacheza ligi ya wakubwa, akawa bingwa wa dunia na timu ya taifa mwaka 2006, na akashinda medali ya fedha ya Olimpiki mwaka 2008. Haki za kumsajili zilifika Memphis Februari 2008, wakati Pau alipouzwa Los Angeles Lakers.

Kwa hiyo walipokutana katika kikosi kimoja, tofauti ya umri wao ilikuwa miaka miwili tu, lakini tofauti ya uzoefu ilikuwa kubwa mno.

Takwimu zinasemaje?

Msimu wa 2009/10 ndio pekee ambao wote wawili waliuanza na kuumaliza wakiwa Memphis. Gasol alicheza takriban dakika 36 kwa mchezo, akapata wastani wa pointi 14.6, ribaundi 9.3 na mitupo 1.6 aliyoizuia. Asilimia 58 ya mitupo yake iliingia kikapuni.

Thabeet alicheza michezo 68, kwa wastani wa dakika 13. Alipata pointi 3.1, ribaundi 3.6 na kuzuia mitupo 1.3.

Kwa haraka mtu atasema hakuna cha kulinganisha. Lakini tuwe waadilifu. Ukigawa takwimu hizo kwa dakika walizocheza, picha inabadilika. Kama Thabeet angecheza dakika 36 kwa kasi ile ile, angepata ribaundi 10 hivi na kuzuia zaidi ya mitupo mitatu na nusu. Maana yake ni kwamba kwa ribaundi hakuwa nyuma ya Gasol, na kwa kuzuia mitupo alimpita zaidi ya mara mbili.

Kwa nini basi hakupewa hizo dakika 36? Hapo ndipo penye kiini cha jambo lenyewe.

Kanuni iliyombana

Katika kikapu cha vyuo vya Marekani, mlinzi mrefu anaruhusiwa kusimama chini ya ringi muda wote akisubiri wapinzani wamfuate. Thabeet alijenga jina lake hapo. NBA haina ruhusa hiyo. Tangu msimu wa 2001/02, mlinzi asiyemkaba mtu kwa karibu haruhusiwi kukaa ndani ya eneo lile kwa zaidi ya sekunde tatu.

Kanuni hiyo humlazimisha senta kutoka, kumfuata mpinzani mbali na ringi, kisha kuwahi kurudi. Kazi hiyo inahitaji miguu myepesi na akili inayosoma mchezo kabla haujafika. Anayechelewa nusu hatua humgusa mpinzani badala ya kuugusa mpira, na faulo zikiongezeka kocha hana budi kumtoa.

Gasol hakuwa mwepesi, wala hakuruka juu. Lakini alijua mahali pa kusimama, akawaelekeza wenzake kwa sauti, na alipopata mpira aliweza kuutoa kwa pasi safi kwa mwenzake aliyekuwa wazi. Ujuzi huo ni matunda ya miaka mingi ya mashindano.

Februari 2010 Memphis ilimpeleka Thabeet katika timu ya Dakota Wizards ya ligi ya maendeleo ili apate dakika za kucheza. Hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu kiasi hicho aliyekuwa amewahi kupelekwa huko kabla yake.

Siku ya uamuzi

Msimu uliofuata, 2010/11, muda wa Thabeet uwanjani ulipungua zaidi. Wakati huo huo Memphis ilikuwa inapigania kuingia hatua ya mtoano, na mfungaji wake Rudy Gay aliumia bega Februari 2011. Klabu ilihitaji mtu mzima wa kusaidia hapo hapo.

Ikaamua. Thabeet, DeMarre Carroll na haki ya kuchagua chipukizi wa raundi ya kwanza walikwenda Houston Rockets, na Memphis ikawapata Shane Battier na Ish Smith.

Majibu yalikuja mapema. Hadi hapo Memphis ilikuwa imecheza michezo 12 ya mtoano katika historia yake na kupoteza yote. Aprili 2011, katika mchezo wa kwanza dhidi ya San Antonio Spurs, Gasol alifunga pointi 24, na mtupo wa pointi tatu wa Battier sekunde za mwisho ukaipa timu ushindi wa 101-98. Memphis, iliyoshika nafasi ya nane, iliwatoa vinara hao kwa michezo 4-2.

Gasol alichaguliwa mlinzi bora wa NBA mwaka 2013, akatwaa ubingwa na Toronto Raptors mwaka 2019, na Aprili 2024 Memphis iliistaafisha jezi yake namba 33.

Thabeet alipita Houston, Portland na Oklahoma City. Alicheza michezo 224 ya NBA, na baadaye akacheza Japani na Taiwan.

Hukumu

Kumbakiza Gasol kulikuwa sahihi, na hata shabiki wa Kitanzania hana budi kukiri. Kosa la Memphis lilifanyika mwaka 2009, si 2011. Klabu iliyokwisha kuwa na senta imara ilitumia nafasi ya pili kumchukua senta mwingine aliyehitaji miaka ya kujifunza, huku James Harden akichukuliwa wa tatu na Stephen Curry wa saba. Thabeet aliwekwa nyuma ya mtu ambaye asingeweza kumng'oa, na akadaiwa matunda kabla mti haujakomaa.

Kwa wenye dhamana ya kikapu nchini, somo ni moja. Urefu ulimfikisha kijana wetu mlangoni, lakini Gasol alibaki ndani kwa sababu alifundishwa mchezo tangu utotoni. Mwingine mwenye kimo kama cha Thabeet akipatikana leo, swali la kwanza liwe ana umri gani, na nani anamfundisha.