Interface (kampuni ya mazulia)

Interface ni kampuni ya Marekani inayotengeneza mazulia ya vipande vya mraba, iliyoanzishwa mwaka 1973 na Ray Anderson (1934–2011) katika jimbo la Georgia. Mwaka 1994 wateja walianza kuuliza kampuni inafanya nini kuhusu mazingira, na Anderson hakuwa na jibu. Alisoma kitabu cha Paul Hawken, The Ecology of Commerce, kisha akaweka lengo la kufuta madhara ya kampuni kwa mazingira kufikia mwaka 2020.

Mafunzo ya jinsi ya kulifikia lengo hilo yalitoka mahali pasipotarajiwa. Mbunifu wa mazulia ya kampuni, David Oakey, aliwatuma wenzake msituni wakachunguze sakafu yake. Walikuta majani, mawe na matawi yametapakaa ovyo, hakuna sehemu mbili zinazofanana, ila yote yanapendeza. Hapo likazaliwa zulia la Entropy. Kwa kuwa vipande vyake hutofautiana rangi na mchoro, fundi hutandika upande wowote, mabaki hupungua, na kipande kilichochakaa hubadilishwa peke yake.

Mwaka 2019 kampuni ilitangaza kwamba lengo limetimia. Dai hilo lipokewe kwa tahadhari, maana nailoni, malighafi yake kuu, asili yake ni mafuta ya petroli.